Mpira wa magome ya mgomba: mtoto aufunge mwenyewe

Magome makavu, byayi kwa Waganda, hayanunuliwi. Mtoto ayabandue kwenye shina la mgomba. Mabichi asiyaguse: yakikauka husinyaa na mpira hulegea. Ayanyunyizie maji kidogo yasikatike, kisha ayachane kwa upana wa vidole viwili.

Kiini ni majani makavu ya mgomba yaliyokunjwakunjwa hadi ukubwa wa ngumi. Azungushie vipande akivuta kwa nguvu, akibadili upande kila mzunguko, la sivyo litatoka yai. (Kudunda sana usitarajie.) Mpira ukifika kipenyo cha sentimita 15, ausukie wavu wa kamba za magome yaleyale.

Ukilowa huwa mzito na huoza, hivyo utundikwe jikoni penye moshi. Ukifumuka, usimfungie wewe, mwelekeze mgombani.