Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Saratani ya Mapafu kwa Kufuata Vidhibiti vya Jeni

Ripoti ya kinyama kilichotolewa kwenye pafu huja na vifupisho kama TTF-1, p40, TP53, RB1 na EGFR, na wengi wetu huiruka sehemu hiyo tukalitafuta neno "saratani" peke yake. Nawasihi msiiruke, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini seli zimekataa kuacha kugawanyika.

Anza na TTF-1 na p40. Zote mbili ni protini zinazokaa ndani ya kiini cha seli, zikashika DNA na kuamua jeni zipi zisomwe, yaani ni vidhibiti vya jeni. Katika pafu lenye afya, TTF-1 huwasha jeni za kutengeneza ute unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Maabara hupaka rangi maalumu kwenye kipande chembamba cha nyama, na chini ya hadubini viini vyenye protini hiyo huonekana vya kahawia huku vingine vikibaki vya buluu. TTF-1 ikiwepo bila p40, kwa kawaida uvimbe ni adenokasinoma, yaani saratani inayofanana na seli za tezi. P40 ikiwepo bila TTF-1, ni saratani ya seli bapa. Hata hivyo, tezi ya thairoidi nayo hutengeneza TTF-1, hivyo jibu hilo lisisomwe peke yake.

Kisha tafuta breki, yaani TP53 na RB1 zinazoizuia seli kugawanyika ovyo, na hapa usifanye haraka. Protini p53, inayotokana na jeni ya TP53, ikikuta DNA imeharibika huwasha jeni za kusimamisha mgawanyiko hadi ukarabati ufanyike, au huiamuru seli ife. RB1 hufanya kazi kwa njia nyingine: protini yake huishikilia protini nyingine, E2F, ambayo ikiachiliwa huwasha jeni za kunakili DNA. Katika saratani ya mapafu ya seli ndogo, jeni hizi mbili huwa zimeharibika karibu kila mara, na hiyo ni sababu kubwa ya ugonjwa huo kukua kwa kasi ya kutisha.

EGFR na KRAS si vidhibiti vya jeni, bali ni wapeleka amri walio kwenye utando wa seli. Ukiona "L858R", maana yake ni kwamba leusini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, iliyo nafasi ya 858 ya EGFR imebadilishwa kuwa arginini, asidi amino nyingine, na tangu hapo protini hiyo hutuma amri ya kukua bila kuagizwa. Amri hupita mlolongo wa protini RAS (kundi la KRAS), RAF, MEK na ERK hadi ndani ya kiini, ambako kidhibiti cha jeni MYC na wenzake huwasha jeni za ukuaji. MYC haina umbo ambalo dawa hulishika kwa urahisi, na kwa hiyo madaktari huiziba njia huku juu: dawa ya osimertinib kwa EGFR, na sotorasib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, kwa KRAS yenye badiliko liitwalo G12C.

Mwisho, tazama tarehe ya ripoti. Uvimbe wenye EGFR iliyobadilika, hasa ukiwa pia umepoteza TP53 na RB1, unaweza kugeuka kuwa wa seli ndogo wakati wa matibabu, na dawa ya awali ikaacha kuudhibiti. Uvimbe ukianza kukua tena, mwulize daktari kama inawezekana kuchukua kinyama kipya kabla ya kubadilisha dawa.