Kurekebisha lofti na uzito wa dreva ili mpira upae vizuri

Dreva, fimbo ya gofu ya kupiga mbali, siku hizi nyingi zinafunguliwa. Shingoni kuna slivu (bomba fupi linaloshika fimbo kwenye kichwa) inayobadilisha lofti, yaani mwinamo wa uso unaogonga mpira, na chini ya kichwa kuna vipande vya uzito vya kuhamisha. Wengi huanza na uzito kwa sababu ndio unaoonekana, na hapo ndipo wanapopotea. Anza na mahali mpira unapogonga uso wa dreva, kisha lofti. Uzito uje mwisho.

Uwe na spana ya toki iliyokuja na dreva (ile inayolia ikifika kikomo), kalamu ya ubao mweupe, kitambaa kikavu, daftari, na mipira kumi ya aina unayochezea mashindanoni. Mipira iliyochakaa ya uwanja wa mazoezi itakudanganya. Mashine ya rada ya kupima mpira unavyoruka ikipatikana, itumie. Isipopatikana, mwombe kedi (mbeba fimbo) mzoefu asimame nyuma yako autazame mpira unavyopaa.

Hatua ya 1: Tafuta alama ya mgongano

Chora nukta nene ya wino nyuma ya mpira na uielekeze kwenye uso wa dreva. Ukipiga, wino unahamia usoni. Andika alama ilipo, futa, piga tena, hadi mipira kumi iishe.

Hatua hii usiiruke. Uso wa dreva umebinuka kidogo, hivyo lofti ya chini ya uso ni ndogo kuliko ya juu. Mpira ukigongwa chini ya katikati, unatoka chini na mzunguko wa nyuma unaongezeka. Ukigongwa juu kidogo ya katikati, unatoka juu na mzunguko unapungua. Alama zikirundikana chini, hakuna mpangilio wa slivu utakaokuokoa. Inua tii (kijiti cha kuwekea mpira) mpaka nusu ya mpira ionekane juu ya ukingo wa kichwa, kisha rudia. Alama zikiwa upande wa kisigino (ulio karibu na shingo), kwa mchezaji wa mkono wa kulia mpira utakata kulia. Jaribu kusimama mbali kidogo na mpira kabla ya kushika spana.

Hatua ya 2: Andika hali ya mwanzo

Kwa anayepiga kwa kasi ya kichwa ya kilomita 145 hivi kwa saa (maili 90), lenga pembe ya kupaa ya digrii 12 hadi 15 na mzunguko wa 2,200 hadi 2,800 kwa dakika. Bila mashine, soma mpira wenyewe. Ukitoka chini, ukadondoka mapema na kubingirika sana, lofti haitoshi. Ukipanda, ukaning'inia na kuanguka wima bila kubingirika, mzunguko umezidi.

Hatua ya 3: Badilisha lofti

Legeza skrubu ya shingoni kinyume cha saa hadi iachie. Vuta shafti (mpini mrefu wa fimbo) ili slivu itoke kabisa, kisha ifute pamoja na tundu lake: chembe moja ya mchanga inatosha kuizuia isikae sawa. Zungusha slivu hadi alama unayotaka, irudishe, na uibonyeze mpaka pasibaki mwanya kati yake na kichwa. Ndipo ukaze hadi spana ilie. Spana nyingi zimepangwa kulia kwenye nyutoni-mita 4.5 hivi. Usitumie ufunguo wa kawaida kwa nguvu za mkono. Skrubu hukatika au nyuzi zake huliwa. Ukisikia kichwa kinagonga-gonga unapopiga, karibu kila mara skrubu imelegea au slivu haikukaa.

Badilisha digrii moja tu kwa mara moja. Kwenye slivu za kawaida, ukiongeza lofti uso nao unafunga kidogo, na ukipunguza unafunguka. Hivyo mchezaji wa mkono wa kulia ambaye mipira yake hukata kulia, akipunguza lofti ili apige mbali, anaongeza tatizo lake mara mbili. Titleist na Callaway hutumia pete mbili, na shafti inabaki ilivyokuwa. Kwenye slivu ya kipande kimoja shafti huzunguka nayo, kwa hiyo angalia mshikio: kama una ukingo wa kuongoza vidole, utahama.

Tusemane ukweli hapa: wachezaji wengi wa klabu wanahitaji lofti zaidi, si pungufu. Digrii 9 zinafaa kasi kubwa au anayegonga mpira akipanda. Kwa wengine, 10.5 au hata 12 ndiyo inayofikisha mpira mbali.

Hatua ya 4: Hamisha uzito

Uzito nyuma hutuliza kichwa, hupandisha mpira na huongeza mzunguko kidogo. Uzito mbele hupunguza mzunguko, lakini pigo lisilo la katikati linaadhibiwa zaidi. Upande wa kisigino husaidia uso kufunga. Upande wa ncha, ulio mbali na shingo, huuzuia.

Badilishana vipande vilivyopo kabla ya kununua vingine. Ukiongeza gramu 2 kichwani, uzito wa mkunjo (kipimo cha jinsi kichwa kinavyohisiwa kizito unapopiga) unapanda kwa takriban pointi moja, na gramu 6 utazihisi mikononi. Piga mipira minane kwa mpangilio mpya, rudi wa zamani, kisha mpya tena. Pigo ambalo alama yake iko mbali na katikati usilihesabu.

Mwinuko na upepo

Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Hewa hiyo haiukabi mpira, lakini haiubebi pia. Dreva iliyopangwa uwanja wa Nyali, Mombasa, ikipandishwa Muthaiga, Nairobi, mpira hupaa chini kuliko ulivyozoea. Ongeza digrii moja. Pwani wakati wa kusi, mzunguko uliozidi ndio adui ukipiga dhidi ya upepo, na hapo uzito wa mbele unalipa.

Haya yote yamalizike kabla ya raundi kuanza. Kanuni ya gofu ya 4.1a inakataza kubadilisha mpangilio kwa makusudi raundi ikiendelea, na ukipiga kwa dreva iliyobadilishwa unaondolewa mashindanoni. Andika mpangilio wako wa mwisho kwenye daftari, na uache spana kwenye gari.