Somo: Soma jani kwanza, dawa baadaye

Wanabustani, salamu. Juma hili nimetumiwa picha nyingi za majani ya manjano, na swali ni lile lile: nipulize dawa gani? Mara nyingi hakuna ya kupuliza. Mimea ya Mombasa huanza kuugua chini, kwenye udongo na maji. Mdudu huja kumalizia tu.

Hatua ya 1: Soma jani. Linganisha jani changa la juu na jani lililokomaa la chini. Changa likiwa manjano na mishipa imebaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Madini yenyewe yamo, ila udongo wetu umekalia mwamba wa matumbawe, na chokaa yake huyashika mizizi isiyapate. Mndimu na waridi ndio wa kwanza kulalamika. Majani ya chini yakigeuka manjano yote, hiyo ni njaa ya kawaida, tia samadi iliyooza. Kingo zikikauka rangi ya kahawia kama zilizopitiwa na moto, shuku chumvi ya maji ya kisima.

Hatua ya 2: Tazama maji. Ukiona ganda jeupe ukingoni mwa chungu, chumvi imejaa. Kumwagilia kidogo kidogo kila jioni ndiko kunakoiacha pale pale kwenye mizizi. Afadhali umwagilie mara chache lakini kwa wingi, maji yapite mpaka chini, na mvua za masika uzikinge kwa mapipa chini ya bati. Makumbi ya nazi ni matandazo mazuri sana, ila yale yaliyozikwa pwani kwa ajili ya kusokotea kamba yamekunywa bahari. Yaache.

Hatua ya 3: Lisha udongo. Mboji, samadi, majani makavu. Jivu hapana! Najua bibi zetu walitia jivu kila mahali, lakini juu ya udongo wa chokaa jivu linaongeza tatizo lile lile la hatua ya kwanza.

Na mnaoua jongoo, tulieni kidogo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, palikuwa mawe matupu ya matumbawe. Mivinje ilishika, lakini majani yake yakalundikana bila kuoza. Aliyeyageuza kuwa udongo ni jongoo, yule mweusi wa miguu myekundu, aliyeletwa makusudi kwa kazi hiyo. Leo hapo ndipo Haller Park, msitu na twiga ndani yake. Ukimkuta chini ya matandazo, mwache na kazi yake.

Hatua ya 4: Toka usiku na tochi. Mche uliolala mzima ukaamka kijiti, mara nyingi ni konokono. Mvua zikianza, toka saa 2 au saa 3 usiku, vaa glavu (konokono hubeba vimelea), mwokote mmoja mmoja umtumbukize kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Maji hayo usiyamwage bustanini. Fukua pia chini ya magogo, utakuta mafungu ya mayai meupe.

Hatua ya 5: Sasa dawa. Kwa vidukari na inzi weupe: kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, upulize upande wa chini wa majani. Ya mwarobaini: twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka usiku kucha katika lita 5, chuja, tia sabuni kidogo. Puliza jioni, maana jua huiondolea nguvu. Jaribu kwenye jani moja kwanza.

Maswali ya wanachama

*Likoni:* Asalaam aleikum mwalimu. Mpapai wangu umejaa vitu vyeupe kama pamba, na sisimizi wanaupanda kutwa. Niwaue sisimizi?

Waaleikum salaam, dada. Hiyo pamba ni wadudu wanaonyonya utomvu na kutoa majimaji matamu. Sisimizi wanayalamba, ndiyo maana wanawalinda. Kata majani yaliyozidiwa uyafukie, mengine yaoshe kwa maji ya kasi kisha sabuni. Shina lifunge kitambaa, ukipake grisi juu yake, sisimizi wasipite. Na jirani akiomba mche, mnyime kwa sasa.

*Kisauni:* Mwembe una majimoto (wale sisimizi wakali wa mtini) tele, watoto hawausogelei. Nichome viota?

Usichome, ndugu yangu. Hao ni askari. Huwinda wadudu wa mwembe, na kwenye mnazi humzuia mdudu anayenyonya vidaka mpaka vikaanguka. Kata tu matawi yanayogusa nyumba na kamba ya kuanikia nguo. Maembe mtayaangua kwa ngoe.

*Nyali:* Tumbili wametumalizia ndizi. Jirani anasema tutege sumu.

Hapana. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda, na sumu haichagui, itamwua hata paka wako. Funika mkungu kwa gunia, uukate ukishakomaa uivie ndani, na pipa la taka lifungwe. Anayewarushia mkate ndiye aliyewaita. Wakianza ukali, wapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya.

*Mji wa Kale:* Mimi nina vyungu vitatu tu uani, vya mrehani. Majani yana matundu na mchana sioni kitu.

Bi mkubwa, rudi hatua ya 4. Inua na vyungu, uangalie chini yake.

*Mji wa Kale:* Nimetoka sasa hivi. Tisa, wote chini ya chungu kimoja.