Kadiria mwangaza wa Betelgeuse kwa macho tu

Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya kundinyota la Orion, mwangaza wake hupanda na kushuka, na huna haja ya darubini kuliona hilo. Ilinganishe na nyota mbili za jirani: Procyon, yenye kipimo cha 0.4, na Aldebaran, yenye 0.9 (namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi). Ukiiona iko katikati yao, andika 0.6 au 0.7 pamoja na tarehe na saa. Basi. Mara nyingi itaangukia humo, ingawa Februari 2020 ilififia hadi karibu 1.6, ikawa sawa na Bellatrix iliyo kwenye bega la pili la Orion.

Kinachowaponza wengi ni rangi. Ukiikodolea macho nyota nyekundu, itazidi kuonekana angavu kuliko ilivyo, kwa hiyo itupie jicho haraka, hamia kwa jirani yake, kisha amua. Pia usilinganishe nyota iliyo juu na iliyo karibu na upeo wa macho, maana huko chini mwanga hupita kwenye hewa nyingi zaidi ukafifia. Msimu wake mzuri ni jioni za Desemba hadi Aprili. Mara moja kwa wiki inatosha. Mzunguko wake mkuu wa kupanda na kushuka huchukua siku 400 hivi.