Jinsi ya kujitunza wewe na mwenzako wa shifti, wakati wa janga na likishapita

Hii naandikia manesi, madaktari, watu wa maabara, na pia wasafishaji wa wodi, madereva wa ambulensi na watu wa mochwari, maanake wakati wa Korona na wao walikuwa humo humo ndani na hakuna aliyewaita kwa semina yoyote ya ushauri. Nitatumia mambo ya Kenya ya 2020 na 2021, ndiyo nayajua.

Kwanza ujue kiwewe mara nyingi hakiji siku ya kazi yenyewe. Wodi ikijaa unakimbia tu, huna hata nafasi ya kulia. Kinakuja kazi ikipungua. Mtu ametoka naiti yuko kwake jikoni, mikrowevu inalia pii pii, mwili wote unaruka kwa sababu ule mlio ni kama wa monita oksijeni ya mgonjwa ikishuka. Mwingine ni harufu ya Jik, mwingine anaanza kuzunguka nje ya jengo ili asipite karibu na kile chumba. Ndoto mbaya, hasira za ghafla kwa watoto, kufa ganzi hadi msiba wa ndugu yako haukuguzi. Wiki za kwanza mwili kufanya hivi ni kawaida, haujachizi. Lakini ikipita mwezi na bado, au umeshindwa kufanya kazi au kukaa na watu wako nyumbani, hapo tafuta mtaalamu, usingoje iishe yenyewe.

Sasa kwa wakubwa, ma-inchaji hasa. Tafadhali msianze na "tuwe wastahimilivu". Julai 2020 Dkt. Doreen Lugaliki alifariki, daktari wa kwanza Kenya kuuawa na Korona, na Desemba mwaka huo huo manesi, ma-clinical officer (maafisa wa tiba) na madaktari wakagoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Mtu anayejua akiambukizwa hana bima hawezi kutulizwa na mazoezi ya kupumua jamani. Anza na rosta. Usimwache mtu mmoja kwenye wodi ya wagonjwa mahututi wiki baada ya wiki, mzungushe. Mgeni mpange na mzoefu. Weka mtu wa kushika kazi ili mwenzake avue ile gauni na maski, anywe maji, aende choo, ale, kwa sababu ukishavaa ile PPE, yaani mavazi ya kujikinga, unaanza kujinyima maji ili usihitaji kuivua, na mtu mwenye kiu na njaa hana nguvu ya kubeba huzuni ya mtu mwingine.

Halafu mpangane wawili wawili. Huyo mwenzako ndiye anakuangalia ukivaa na ukivua, na ndiye anakuuliza kabla ya kwenda nyumbani. Uulize hivi: "Sista, yule mzee wa kitanda cha nne, bado uko naye kichwani?" Kisha unyamaze. Akisema sitaki kuongea, sawa, mletee chai, mtafutie gari la kwenda nyumbani, kesho muulize tena. Usimlazimishe kusimulia kila kitu. Hata WHO, Shirika la Afya Duniani, haishauri ule utaratibu wa kuwakalisha watu mara tu baada ya tukio na kuwataka wasimulie yote. Na yale maneno ya "piga moyo konde" na "Mungu ana sababu zake" yaweke kando, yanafunga mdomo wa mtu.

Kuna kitu kimoja kilivunja watu wengi, ni ile simu. Wakati wa Korona ndugu hawakuruhusiwa kuingia, kwa hivyo nesi ndiye anashika simu mbele ya uso wa mgonjwa, glavu mbili, kioo cha uso kimejaa mvuke, na upande wa pili mtoto anaita baba. Ukitoka hapo usiende moja kwa moja kwa mgonjwa mwingine kama kuna yeyote wa kukushikia. Mgonjwa akifariki, mkihudumia mwili wake muwe wawili, mtaje jina lake, siyo namba ya kitanda. Ukivua, nawa hadi viwiko, polepole, keti dakika chache. Na kama alikufa kwa sababu oksijeni haikutosha, hilo si kosa lako, na liandike kwa ripoti ya shifti ili libaki kwenye karatasi na lisibaki kwako peke yako.

Usingizi wa baada ya naiti: acha chai na kahawa nusu ya pili ya shifti, weka pazia zito, simu chumba kingine. Pombe usiifanye dawa ya kulala. Na hapa niseme wazi, sisi kabati la dawa liko karibu mno. Diazepam, ile dawa ya kutuliza, ya kujipimia mwenyewe hapana kabisa, WHO inashauri isitumike kwa dalili za kiwewe mwezi wa kwanza, na inazoesha mwili haraka.

Ukihisi mwenzako anawaza kujiua, muulize waziwazi, kuuliza hakumpi wazo. Usimwache peke yake. Msalaba Mwekundu Kenya wana namba ya bure ya ushauri, 1199. Wengine walinyamaza kwa kuogopa sheria ya kushtaki aliyejaribu kujiua, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Ukiambukizwa kazini ripoti kwa mwajiri kwa maandishi, ubaki na nakala, kuna sheria ya fidia ya 2007 (WIBA), na bila karatasi utahangaika.

Mwisho, inchaji, wimbi likipita weka alama kwa kalenda mwezi mmoja mbele, halafu miezi mitatu, umuulize kila mtu tena anaendeleaje. Orodha isiwe ya waliopo tu. Wale wa mkataba wa UHC, mpango wa serikali wa afya kwa wote, walioajiriwa 2020 wakaenda zao mkataba ulipoisha, na yule kijana wa usafi aliyeacha kazi, namba zao unazo, wapigie.