Dayati ipi inakufaa? Anza na wiki yako

Nilipokuwa mgeni kwenye kazi ya lishe hapa Tanga, nilimwandikia dada mmoja ratiba nzuri ya kupunguza uzito: oti asubuhi, mkate wa brauni, samaki wa kuoka, tufaha saa kumi. Alirudi baada ya wiki tatu na kilo zake zilezile. "Dada, mimi nakaa kwa mama mkwe. Tunakula sinia moja, watu sita." Wala sikuwa nimemuuliza! Tangu hapo, kabla sijamtajia mtu dayati yoyote, tunapita hatua hizi.

Hatua ya 1: Jipime

Panda mizani asubuhi kabla ya kula. Kisha chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi. (Usivute tumbo ndani, hakuna anayekuangalia.) Mwanamke akifika sentimita 80 na mwanamume 94, hatari ya kisukari na presha imeanza kupanda.

Halafu gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita, jibu uligawe tena kwa urefu huohuo. Mwenye kilo 82 na mita 1.60 anapata 32. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo.

Kama una mimba, unanyonyesha, au unatumia insulini au vidonge vya kisukari, ishia hapa kwanza ukamwone daktari. Ukikata wanga au ukikaa na njaa saa nyingi huku unameza dawa, sukari inaweza kushuka ghafla.

Hatua ya 2: Andika siku saba

Daftari la kawaida linatosha. Andika kila kinachoingia mdomoni, na karanga za kwenye foleni ziwemo. Pembeni ya kila mlo andika nani aliuamua: mimi, mama mkwe, mama lishe, ofisi. Safu hiyo ya pili ndiyo ninayoisoma kwanza. Dereva wa bodaboda mmoja alikuta milo ya mchana yote saba si yake, ni ya mama lishe wa kijiweni. Yake ilikuwa zege (chipsi mayai) ya saa nne usiku na soda mbili za mchana. Basi tukashika hizo, wali maharage wa mama lishe tukauacha kama ulivyo.

Hatua ya 3: Tafuta mafuta yanakokwenda

Hapa watu hunibishia. "Mimi mafuta natia kidogo tu." Haya, fungua chupa ya lita 1, iandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito, upike kama kawaida. Watu wanne wakiimaliza kwa siku 5, kila mmoja anakula mililita 50 kwa siku, sawa na kalori 400 na ushee, na bado hatujahesabu wali wenyewe. Kosa liko kwenye mkono unaoinamisha chupa juu ya sufuria. Weka kijiko cha chakula jikoni, upime. Kijiko kimoja ni kama kalori 120.

Hatua ya 4: Sasa chagua

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa kwa mwaka mzima, nusu wakipunguza mafuta, nusu wakipunguza wanga. Makundi yote mawili yalipungua kwa wastani wa kilo 5 hadi 6, tofauti yao haikuwa ya maana. Kwa hiyo usigombane na mtu kuhusu ugali. Angalia daftari lako:

- Asubuhi huna njaa na kazi yako haina sulubu? Kula milo yako yote ndani ya muda wa saa nane au kumi kwa siku, saa zilizobaki usile, kunaweza kukufaa. Lakini kama unabeba mizigo au unalala mchana kwa sababu ya zamu za usiku, utaishia kufidia kwa maandazi.
- Unapika mwenyewe? Punguza mafuta, jaza nusu ya sahani mchicha au matembele.
- Unakula kwa mama lishe? Omba wali nusu, maharage na mboga zaidi. Wengi hawakatai.
- Mnakula sinia moja? Yule dada alianza na kachumbari na matunda, akawa anakula taratibu, kisha ananawa wa kwanza. Akishanawa hakuna wa kumrudisha, na mama mkwe hakuona dharau yoyote.

Chai za kukausha tumbo zinazouzwa mitandaoni hazimo kwenye orodha yangu. Nyingi zinakuharisha tu.

Hatua ya 5: Jaribu wiki nne

Badilisha mambo mawili, si kumi. Ongeza kutembea dakika 30, siku tano kwa wiki. Kushuka daladala vituo viwili kabla kunaweza kutosha. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Kwa mwenye kilo 82, kutoa kilo 4 tu kunaweza kuanza kuonekana kwenye presha na sukari.

Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, ila isiwe Jumatatu ya baada ya harusi. Pilau na chumvi yake huvuta maji mwilini, mizani inapanda kilo nzima, na kufikia Alhamisi imesharudi.