Kupima Kiasi cha DNA kwa Rangi ya Floresensi

Mtu aliyekwisha kutoa DNA kwenye damu au jani la mhogo hana budi kujua amepata kiasi gani kabla ya kuitumia. Wengi hupima jinsi sampuli inavyofyonza mwanga wa urujuanimno wa nanomita 260, lakini RNA (molekuli inayofanana na DNA) na nyukleotidi zilizosalia, yaani vipande vidogo vinavyojenga DNA na RNA, hufyonza mwanga huohuo, na zote huhesabiwa kana kwamba ni DNA. Rangi kama PicoGreen haina tatizo hilo kwa kiwango hicho: ikiwa peke yake hung'aa kidogo mno, ila ikijishika kwenye DNA yenye nyuzi mbili, mng'ao wake huongezeka zaidi ya mara 1,000. Ikimulikwa kwa mwanga wa buluu wa nanomita 480 hivi, hutoa mwanga wa kijani wa nanomita 520 hivi, na huo ndio fluorometa, kifaa cha kupima mng'ao, inaousoma.

Acha rangi na bafa (kimiminika cha kuzimulia rangi) vifikie joto la chumba. Rangi huja ikiwa imeyeyushwa katika DMSO, kiyeyusho ambacho huganda joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi. Chupa iliyotoka kwenye friji huweza kuwa na donge chini hata kama juu kuna majimaji, na anayevuta majimaji hayo hajui amechukua rangi kiasi gani. Vaa glavu, kwa sababu DMSO hupenya ngozi.

Kwa kifaa cha Qubit, ambacho ni aina ya fluorometa, changanya sehemu 1 ya rangi na sehemu 199 za bafa, katika chombo cha plastiki, kwani rangi huweza kunata kwenye kioo. Sampuli 8 na vipimo rejea 2 (vimiminika ambavyo kiasi chao cha DNA kinajulikana, vya kulinganishia) vinahitaji vichupa 10. Tayarisha mchanganyiko wa vichupa 11, yaani mikrolita 11 za rangi na 2,189 za bafa. Weka mikrolita 10 za kila kipimo rejea katika 190 za mchanganyiko, na mikrolita 2 za sampuli katika 198. Andika alama kwenye kifuniko tu, kwa kuwa mwanga hupita ubavuni. Tikisa, ondoa mapovu, subiri dakika 2 gizani, kisha soma. Usivishike vichupa kiganjani kwa muda mrefu, maana joto hupunguza mng'ao.

Makosa mengi, kwa maoni yangu, hutokea kwenye zile mikrolita 2. DNA ndefu ni nzito kama ute wa yai, na tone dogo linalobaki nje ya ncha ya pipeti huweza kuongeza matokeo kwa nusu nzima. Gusisha ncha ukutani mwa chupa kabla ya kuitoa, na pima kila sampuli mara mbili.

Ikiwa kichupa kinaonyesha nanogramu 50 kwa mililita, zidisha kwa 200 (mikrolita zote za kichupa) na ugawanye kwa 2 (mikrolita za sampuli): sampuli ina nanogramu 5,000 kwa mililita, sawa na 5 kwa mikrolita. Usomaji ukizidi uwezo wa kifaa, zimua sampuli kwa bafa na uipime upya.